Jua Limenichongea

Wenzangu wa Rasbura, leo jua limenichongea.

Sikuibiwa, sikuanguka, sikufiwa. Nimechongewa na jua hili hili linalotukaushia samaki, mchana kweupe, mbele ya mwanangu, mjukuu wangu, jirani yangu, na mgeni aliyetoka Dar es Salaam na tai shingoni. Bi Rukia, wewe ndiye unayesoma haraka, wasomee wenzako hapo barazani. Ukifika kwenye paka, punguza sauti. (Mwandiko ni ule ule wa elimu ya watu wazima, herufi zinatembea kama walevi. Vumilieni.)

Mnamkumbuka Siwatu, binti mkubwa wa mwanangu Hamisi. Mke mwenzangu huyo, jina na sura amechukua kwangu, akili sijui kachukua wapi. Yuko chuo cha ufundi Dar, mwaka wa pili. Alipokuwa mdogo alikuwa anaokota vipande vya kioo na kuwamulika mbuzi wa watu machoni. Nilimchapa sana kwa hilo. Sasa kumbe ndilo analosomea, na wanamlisha kwa hilo hilo. (Nimeshamwomba radhi.)

Shida yake ni kwamba chuoni wanampiga danadana. Walimu wa mitambo wanasema anachofanya ni uchoraji, aende kwa wachoraji. Wachoraji wanasema mtoto huyu hashiki brashi, hashiki rangi, anashika miwani na kamba ya kupimia, arudi kwa watu wa mitambo. Mwenye kauli ni mkufunzi mmoja, Mwalimu Chilumba, mtu wa huko uwandani kwa Wamakonde. Akisema ndiyo, Siwatu anapata nafasi ya miaka miwili mingine na chumba cha kufanyia kazi yake. Akisema hapana, Hamisi ameshaapa: binti anarudi nyumbani, anakaa kaunta ya duka lake la Kiranjeranje, anauza betri na mitumba. Siku hizi kila mtu ruksa kufungua duka, na Hamisi amefungua mawili. La pili halina mtu wa kukaa.

Mwalimu Chilumba alikuwa na safari ya kwenda Lindi, akasema atashuka hapa Kivinje aione kazi ya Siwatu kwa macho yake. Siku yenyewe leo. Mahali penyewe nyumbani kwangu.

Sasa niwaambie kazi yenyewe, maana mimi mwenyewe hadi jana nilikuwa siijui. Nyumba yangu mnaijua, ni ya zamani, kuta nene, madirisha madogo. Siwatu alichukua chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani na jingine la uani, akaziba kila penye mwanga kwa magunia. Akaacha tundu moja tu kwenye ubao wa dirisha la barabarani, kubwa kama sarafu. Hapo tunduni akabandika kioo alichokitoa kwenye miwani ya mtumba. Ndani akatundika shuka yangu nyeupe (ile ya harusi, nikanyamaza), na mbele ya shuka vyandarua viwili, kimoja nyuma ya kingine. Kisha jana adhuhuri akaniita, akafunga mlango, akasema subiri macho yazoee giza.

Wenzangu, barabara yote ilikuwa juu ya shuka yangu ya harusi.

Na rangi zake. Minazi inatikisika, baiskeli inapita, mbuzi wa watu anakula gazeti. Ila kila kitu kichwa chini, miguu juu. Nikamwona Bi Mwajuma, jirani yangu, anapita miguu hewani, ndoo ya maji kichwani, na maji hayamwagiki. Vile vyandarua vikamfanya kama anaelea ndani ya bahari. Nikasoma Ayatul Kursi. Nikairudia.

Siwatu akacheka akaniambia, "Bibi, hakuna jini hapo. Mwanga unakwenda mnyoofu. Unaotoka kichwani kwake unapita tunduni unashukia chini, unaotoka miguuni unapanda juu. Mimi nimeufungulia mlango tu, picha inajichora yenyewe."

Nikamuuliza umeme uko wapi. Hakuna. Antena je? Hakuna. Basi televisheni hii inakula nini?

"Inakula jua."

Nilijivuna, sitawaficha. Nilikaa mle ndani mpaka muhogo ukaungua jikoni. Lakini kuna jambo moja likanikaa rohoni. Kama sisi tunamwona Bi Mwajuma kwa lile tundu, naye si anatuona? Tundu ni tundu. Nilimwambia Siwatu, akanieleza kwamba nje kuna jua na ndani kuna giza, hivyo wa nje hawezi kuona kitu. Sawa, msomi ni yeye. Lakini mimi mama yangu alinilea kwamba ndani kwa mtu hapachunguliwi, na Bi Mwajuma hajalelewa na mama yangu.

Basi leo asubuhi nakanda unga wa chapati, nikatoka mbele mara moja kumwaga maji. Namkuta Bi Mwajuma ameinama dirishani kwangu, jicho moja tunduni, jingine amelifumba, makalio barabarani. Nikamsalimu kwa nguvu. Akasema anatafuta kuku wake.

Alipoondoka nilichukua donge la unga, nikaingia nikaliziba lile tundu kwa ndani, nikalisawazisha kwa kidole gumba kama fundi mwashi. Nikajiambia wageni wakishakaa nitalibandua. Nikarudi uani.

Nikasahau. (Msinihukumu, nilikuwa na jogoo.)

Jogoo huyo Hamisi alinichinjia alfajiri, mkubwa, wa kienyeji kabisa, na firigisi yake ilikuwa nene kama ngumi ya mtoto. Habari ya firigisi sina haja ya kuwafundisha ninyi. Ni ya mgeni wa heshima, inawekwa juu ya wali aione kabla hajanawa. Ikikosekana maana yake mmemwambia arudi alikotoka. Marehemu mume wangu aliwahi kuondoka ukweni bila kuaga kwa ajili ya firigisi. Kwa hiyo leo nilijua kabisa: nafasi ya Siwatu imo katika ile sufuria kama ilivyo katika kile chumba.

Mgeni akafika saa tano na nusu. Kijana wa makamo, mpole, akaninamia, "Shikamoo Bibi." Marahaba baba, karibu, starehe. Anatembea kwa kuinua magoti juu kama mtu anayeruka madimbwi, na tai inampiga begani. Nikajizuia. Akaingia chumbani na Hamisi, na Siwatu, na Bi Mwajuma ambaye hakualikwa na mtu. Mlango ukafungwa. Mimi nikarudi uani kwangu kwenye mafiga.

Uani, wenzangu. Ukuta mrefu, mlango una komeo, jua la saa sita limekaa utosini, ukuta wa chokaa unang'aa. Mtu mzima akiwa uani kwake yuko peke yake na Mola wake. Ndivyo nilivyodhani.

Nikafunua sufuria nionje chumvi. Najua chumvi huonjwa kwenye mchuzi. Lakini firigisi ilikuwa juu, inaniangalia. Nikasema nikate kancha kadogo tu, nione kama imeiva, isije ikamvunja mgeni jino. Ilikuwa imeiva. Ila sasa upande mmoja umepungua, inaonekana imeng'atwa. Nikakata upande wa pili ilingane. Huku kukawa kumezidi, nikasawazisha kule. Kule nako kukazidi. Nina meno tisa, yote yakashirikiana. Mpaka pande zilipolingana, hapakuwa na pande.

Nikaangalia ndani ya sufuria kama vile ingeota nyingine.

Hapo ndipo nilipomwona paka wangu, Pweza, amelala kivulini hana habari. Nikamchukua. Nikachovya kidole kwenye mchuzi, nikampaka masharubuni. Akairamba yote. (Hana shukrani.) Nikampaka tena, akairamba tena. Mara ya tatu nikamshika shingo mpaka ikakauka kidogo. Nikamwekea mfupa miguuni. Kisha nikaona nijizoeze hasira, maana hasira isiyozoezwa haiaminiki. Nikamnyooshea kidole, nikashika kichwa, nikajipiga paja, nikapanua mdomo kama napiga kelele lakini kimya kimya, wasinisikie ndani. Nikanong'ona na maneno mawili matatu kuhusu mgeni na tai yake.

Na nikatembea kidogo. Kutoka kwenye mafiga mpaka kwenye mtungi na kurudi, magoti juu, kama anavyotembea Mwalimu Chilumba, na mwiko nimeuweka shingoni kama tai. Kwa nini nilifanya hivyo sijui. Mtu akiwa peke yake hufanya vitu.

Nikasikia chumbani wanacheka. Kicheko kikubwa, cha Bi Mwajuma kikiongoza kama kuku aliyetaga. Nikashusha pumzi. Nikasema alhamdulillahi, Siwatu amewaweza.

Baada ya sala tukatandika mkeka ukumbini. Nikaleta sinia la wali, kuku juu yake, nikalizungusha ili mguu uangalie upande wa mgeni. Nikaona watu wamekuwa wapole kupita kiasi. Hamisi anahesabu nyuzi za mkeka. Bi Mwajuma amejifunika mdomo kwa upande wa kanga, mabega yanatetemeka, nikadhani ana homa. Siwatu ananikonyeza, mara anatikisa kichwa, mara anakonyeza tena. Nikadhani ana mchanga jichoni.

Nikaanza kesi yangu. Nikamwambia Mwalimu atuwie radhi, sisi ni watu tunaojua heshima, firigisi yake ilikuwepo na nilikuwa nimeitenga kwa mikono yangu miwili. Nikageuka kidogo tu kusukuma kuni, mnyama akainyakua.

"Mama, inatosha," Hamisi akasema.

Nikamwambia haitoshi, heshima ya nyumba imevunjwa. Nikainuka, nikaenda uani, nikarudi na Pweza mikononi, nikamsogeza mpaka puani pa mgeni. Haya mnuse baba. Masharubu hayo. Mchuzi huo. Nazi hiyo.

Mwalimu Chilumba akamnusa kweli. Taratibu, kama daktari. Kisha akaniuliza kwa adabu, "Bibi, paka huyu aliila yote kwa mara moja?"

"Mara moja, mwanangu. Hana adabu."

"Maana tuliyemwona sisi alikula kwa mara nne. Alikuwa anasawazisha."

Nikaanza kumpangusa paka masharubu.

"Na tena," akasema, "alikuwa amejifunga kanga nyekundu."

Nikaitazama kanga niliyojifunga. Mnaijua, ile nyekundu. Pweza akaruka mikononi mwangu akaenda kukaa upande wa pili wa mkeka. Hata yeye hakutaka kuonekana na mimi. Bi Mwajuma akaangukia mto, akawa analia kwa kicheko, anapiga mkeka kwa kiganja.

Ndipo Siwatu akanieleza, macho yake chini. Walipofunga mlango, shukani hapakuwa na kitu. Giza tupu. Mwalimu akangoja. Baba yake akakohoa, akakohoa tena. Yeye akapapasa ukuta mpaka tunduni, akashika kitu laini. Donge langu. Kioo kimegandwa na unga wote. Akakibandua, akakifuta kwa nguo yake, na kwa kuwa dirisha la uani nalo ubao wake una tundu la mchwa, akalipanua kwa kisu, akakibandika pale. Yote hayo gizani. Akaigeuzia shuka na vyandarua upande huo, akaisogeza nyuma mpaka picha ikatulia.

Na ilipotulia, kitu cha kwanza alichokiona mkufunzi wa chuo kutoka Dar es Salaam ni mimi. Kimo cha meza, kichwa chini miguu juu, mwekundu juu ya ukuta mweupe, naelea ndani ya vyandarua vyangu, nafunua sufuria.

Waliona yote. Kuonja. Kusawazisha. Paka mara tatu. Mapaja nilivyojipiga. Na ile safari ya mtungini na mwiko shingoni.

Wenzangu, hapo sikuona tena aibu yangu. Nilimwona Siwatu amekaa nyuma ya kaunta Kiranjeranje, anahesabu betri mpaka uzee, kwa sababu ya donge la unga na meno tisa. Nikakaa chini nikamwambia Mwalimu, "Kosa ni langu. Usimpime mtoto kwa tumbo la bibi yake."

Hamisi akaacha kuhesabu nyuzi. Bi Mwajuma akainuka kutoka kwenye mto.

Mwalimu akafuta mikono. Akasema atanieleza kitu, na nisikasirike. Kule chumbani picha ilipotokea, Hamisi alimnong'oneza kwamba binti huyu ana ujanja, lazima kuna deki ya video imefichwa nyuma ya shuka, na kanda imerekodiwa zamani. (Mwanangu wa kumzaa. Nilimtazama, akarudi kwenye nyuzi zake za mkeka.) Na yeye Mwalimu naye akaingiwa na shaka, maana wanafunzi wameshamfanyia mizaha. Akapapasa nyuma ya shuka, hakukuta kitu, shaka ikabaki. Akaamua angoje chakula. Firigisi ikija juu ya wali, basi ile ni kanda, bibi aliigiza siku nyingine. Isipokuja, picha ni ya kweli, ya dakika ile ile.

"Sinia likaja halina firigisi," akasema, "nikawa nimeridhika nusu. Ulipomleta na paka, mchuzi masharubuni, mtihani ukaisha."

Akamgeukia Siwatu, akamuuliza mbele yetu sote kwa nini shuka ilirudi nyuma alipohamisha kioo. Siwatu akatoa kamba yake yenye mafundo. Akasema uani ni karibu kuliko barabarani, na kitu kikiwa karibu picha inakwenda kutua mbali zaidi, basi alihesabu mafundo gizani kwa vidole mpaka lile alilolipigia hesabu wiki iliyopita. Na vyandarua ni vya nini? Akasema mtu akichorwa na mwanga juu ya kitambaa kimoja ni picha, akipita katika vitambaa vitatu anakuwa kama kumbukumbu ya mtu. Akasema alitaka siku moja, nikiwa sipo, aweze kukumbuka nilivyokuwa naelea.

Mimi nikashughulika na wali. Kulikuwa na moshi. (Mafiga yako uani, ndiyo, najua.)

Mwalimu Chilumba akasema wenzake wa mitambo na wenzake wa uchoraji wote wamekosea, na akirudi atawaambia hivyo. Nafasi anayo. Miaka miwili, na chumba chenye madirisha ya kuzibika. Akamwomba jambo moja tu: akija kuionyesha kazi hii Dar, atafute bibi mwingine wa kusimama juani, maana mimi nitawaharibia chuo kwa kicheko.

Nilipiga kigelegele mpaka mbuzi wa barabarani akaacha gazeti lake. Siwatu akanikumbatia, akaninong'oneza sikioni, "Mke mwenzangu, ahsante kwa unga." Mpumbavu huyu. Nilimfinya.

Hamisi akauliza kwa sauti ndogo, sasa duka la Kiranjeranje atamweka nani? Mwalimu akamwonyesha Pweza. Akasema mfanyakazi mwaminifu ni huyu, amesingiziwa mchana kutwa na hakujibu neno.

Sasa ni alasiri, mgeni amepakia gari kwenda Lindi, na mimi nimeketi kuwaandikia huku moyo umetulia kama maji ya mtungini. Nikifikiri vizuri nina mengi ya kushukuru. Kwanza, picha ya Siwatu haina sauti, kwa hiyo niliyoyasema kuhusu ile tai yamebaki kati yangu na paka. Pili, leo nilioga alfajiri. Kila siku huoga saa sita, pale pale uani, penye mtungi. Leo nikasema kuna mgeni, niwahi. Kila nikilifikiri hilo nasujudu.

Tundu la uani nimelitundikia gunia. Siwatu anasema gunia si lazima, kioo ameshakitoa. Mimi nasema tundu ni tundu.

Bi Rukia, najua mmecheka, sauti naisikia mpaka huku. Basi chekeni sasa hivi mmalize, maana nikija Idi sitaki kuona jino la mtu. Na jogoo wa pili akichinjwa nyumba hii, firigisi ni ya Pweza. Nitampa mwenyewe, uani, saa sita, jua likitazama.